Baba Askari wa Galbet: Maisha Marefu Katika Karne ya Vita

Galbet ni mojawapo ya wadi nne za eneo bunge la Garissa Mjini, pamoja na Waberi, Iftin na Township, na iko katika mji ambao ulikua kando ya Mto Tana kama kituo cha utawala, soko la ngamia na ng'ombe, na kambi ya majeshi. Wazee wa mji huo waliowahi kuvaa sare ya serikali, iwe ya kikoloni au ya taifa huru, waliishi katika karne ambayo ndani yake vita vya dunia, vita vya mpaka na msako wa kitambulisho vilipita juu ya kaya moja bila kuipa nafasi ya kupumua. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kumbukumbu ya askari wa aina hiyo ilihifadhiwa kwa sehemu kubwa katika ubaba wake kuliko katika utumishi wake, kwa kuwa ofisi alizozitumikia ziliandika machache kumhusu, na katika kipindi kimoja sheria yenyewe ilifunga mlango wa mahakama kwa wale waliotaka kueleza yaliyowapata.

Mahali alipozaliwa baba askari wa aina hiyo paliitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, jina ambalo watu wa eneo hilo wamezoea kulifupisha kwa herufi za Kiingereza kuwa NFD. Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya mwaka 1902 iliwapa maafisa wa kikoloni uwezo wa kuzuia watu kuingia na kutoka. Mwaka 1926 eneo hilo lilitangazwa kuwa wilaya iliyofungwa, na mwaka 1934 ikaongezwa Sheria ya Wilaya Maalumu iliyoruhusu, pamoja na mengine, adhabu ya pamoja, yaani kuitoza jamii nzima mifugo kwa kosa la mtu mmoja. Mfugaji aliyetaka kwenda Nairobi alihitaji pasi, na mgeni aliyetaka kufika Garissa alihitaji pasi vilevile. Tarehe ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Familia iliukumbuka mwaka kwa ukame, kwa mafuriko ya Tana au kwa ugonjwa wa mifugo, na hiyo ndiyo sababu vitambulisho vingi vya wazee wa Kaskazini Mashariki vinaonyesha kwamba walizaliwa tarehe 1 Januari. Anayesoma umri wa mzee wa Garissa katika hati ya serikali anapaswa kuuchukua kama makadirio ya karani.

Katika mazingira hayo kazi ya sare ilikuwa miongoni mwa njia chache za kupata mshahara. Kikosi cha King's African Rifles, kinachofupishwa kuwa KAR, kiliundwa mwaka 1902, na Wasomali walikuwemo katika safu zake na katika polisi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza baadhi ya maaskari Wasomali wa koo za Isaaq na Harti walipewa makazi Isiolo, na hivyo mji huo ukawa na chanzo cha kijeshi ambacho wengi wanaopita humo leo hawakijui. Katika NFD yenyewe kulikuwa na askari wa kikabila waliojulikana kama dubas, waliotambulika kwa vilemba vyekundu, ambao walimfuata ofisa wa wilaya kwa ngamia, wakalinda visima, wakapeleka barua na kupatanisha wagomvi wa malisho. Kijana aliyeingia kazi hiyo hakutoka nje ya jamii yake kama alivyofanya aliyeajiriwa katika mashamba ya wazungu, kwani alibaki karibu na visima vya ukoo wake, na mshahara wake ulirudi haraka kwa baba yake ukiwa mbuzi, ng'ombe au ngamia.

Juni 1940 Italia ilipoingia vitani, Garissa ilijikuta nyuma kidogo tu ya mstari wa mapigano. Waitaliano waliiteka Moyale mwezi Julai, wakasogea hadi Buna, na Waingereza wakaamua kuutumia Mto Tana kama ngome yao ya asili, kwa kuwa kati ya mto huo na Mto Juba kulikuwa na nyika kavu ambayo jeshi lisilobeba maji yake lisingeweza kuivuka. Upande wa pili wa mpaka Waitaliano walikuwa na askari wao Wasomali walioitwa dubat, waliovaa vilemba vyeupe. Kwa hiyo vijana wa lugha moja, dini moja, na pengine ukoo mmoja, waliwekwa pande mbili na falme mbili za Ulaya, wakitofautishwa kwa rangi ya kitambaa cha kichwani, na jambo hilo lazima likumbukwe na kila anayeandika kwamba vita vya 1940 na 1941 vilikuwa vya Waingereza na Waitaliano peke yao.

Mashambulizi ya kuivunja nguvu ya Italia yalianzia kwenye ukingo huo wa Tana. Jenerali Alan Cunningham, aliyekuwa na makao makuu Nairobi, alikusudia kwanza kusubiri hadi mvua za masika ziishe, lakini mwishoni aliamua kusonga mbele wakati wa jilaal, yaani kiangazi kirefu cha Wasomali kinachoanzia takriban Desemba hadi Machi, wakati ardhi ni ngumu na magari hayakwami. Desemba 1940 El Wak ilivamiwa kama jaribio. Januari 1941 vikosi viliingia Liboi, kilomita zipatazo 200 mashariki ya Garissa. Tarehe 11 Februari vilifika Afmadow, na tarehe 14 Februari Kismayu ikatekwa. Mto Juba ulivukwa, Mogadishu ikaanguka tarehe 25 mwezi huohuo, Harar tarehe 26 Machi, na tarehe 6 Aprili majeshi hayo yakaingia Addis Ababa. Katika wiki saba hivi tangu Kismayu kutekwa, wapiganaji kutoka Afrika Mashariki, Gold Coast, Nigeria na Afrika Kusini walikuwa wamefika mji mkuu wa Ethiopia. Mapigano ya mwisho makubwa ya Ethiopia yalifanyika Gondar Novemba 1941, na batalioni za KAR zilishiriki.

Kwa watu wa Garissa vita hivyo vilikuwa, zaidi ya yote, vita vya maji na barabara. Waliowajua wafugaji na visima vyao ndio waliojua jeshi lingeweza kulala wapi, na wenye ngamia ndio waliojua mzigo ungepita wapi pale ambapo lori lingekwama katika mchanga. Elimu hiyo haikuandikwa katika orodha ya medali, na ni jambo la kusikitisha kwamba vitabu vingi vya kampeni hiyo vinataja jina la kila kamanda wa brigedi na kuwaacha waongozaji njia bila jina hata moja.

Baada ya Ethiopia, jeshi la Afrika Mashariki lilitumwa mbali zaidi. Mwaka 1942 brigedi moja ilipigana Madagaska. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilizamishwa na manowari ya Kijapani katika Bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Maldivi, na watu 1,297 wakafa, wakiwemo askari wengi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Na katika nusu ya pili ya mwaka huo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw huko Burma katikati ya mvua na malaria, ikavuka Mto Chindwin hapo Kalewa mwezi Desemba. Kenya peke yake ilitoa karibu watu 100,000. Askari hao walisoma magazeti ya jeshi yaliyochapishwa kwa Kiswahili, likiwemo lile lililoitwa Heshima lililowafikia wale wa Asia, na walizungumza Kiswahili cha kambi kilichopewa jina KiKAR. Kwa njia hiyo kijana Msomali aliyetoka nyikani bila kukijua Kiswahili alirudi akiwa nacho, na katika kaya nyingi za Garissa baba ndiye aliyekuwa mlango wa kwanza wa lugha hiyo, kabla ya shule na kabla ya redio.

Lakini alirudi na fedha kidogo. Wakati wa vita mfumo wa serikali ulimruhusu askari kukata sehemu ya mshahara wake ipelekwe kwa familia kupitia ofisi ya wilaya, na fedha hizo zililisha wake, wazazi na wadogo waliobaki na mifugo. Vita vilipoisha alilipwa kiinua mgongo, yaani malipo ya mara moja, bila pensheni ya kila mwezi. Hati ya mwaka 1945 iliyofichuliwa mwaka 2019 inaonyesha kwamba malipo hayo katika makoloni yalipangwa kwa rangi ya ngozi, hata askari mweupe akalipwa hadi mara tatu ya mweusi wa cheo kilekile aliyepigana bega kwa bega naye. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza iliahidi pauni milioni 12 kuwasaidia wapiganaji wa zamani wa Jumuiya ya Madola waliokuwa katika ufukara, lakini waliokuwa bado hai wakati huo walikuwa wachache na wazee sana. Dhuluma hiyo haiwezi kuelezwa kwa lugha ya upole. Watoto ambao wangesomeshwa kwa fedha hizo walikuwa wamekwisha kuwa mababu.

Kile kiinua mgongo kilifanya kazi gani nyumbani ni swali linalostahili kutafakariwa zaidi, kwa sababu ndilo linaloonyesha ubaba wa askari kwa vitendo. Katika uchumi wa ufugaji fedha taslimu haikuwa mali mpaka igeuzwe kuwa mnyama. Baba aliyerudi na noti alinunua ngamia majike, akawagawa kwa wanawe wakiwa bado wadogo ili kila mmoja akue pamoja na kundi lake, na akalipa mahari ya mwana aliyefikia umri wa kuoa. Sehemu nyingine ilianza kuwekwa katika kitu kipya, yaani duka dogo mjini au nyumba ya kudumu karibu na kituo cha serikali, na hivyo askari wastaafu walikuwa miongoni mwa wale waliowaleta watoto wao mjini, karibu na dugsi na shule. Dugsi ni chuo cha Kurani, ambako mtoto huandika aya kwa wino wa makaa juu ya ubao wa mti. Baba aliyeona jeshini kwamba karani mwenye kalamu alimwamuru sajini mwenye bunduki hakuhitaji kuhubiriwa umuhimu wa kuongeza shule juu ya dugsi.

Kisha vita vikaja nyumbani. Mwaka 1962 tume iliyotumwa na Waingereza ilikuta kwamba watu wengi wa NFD walitaka kujiunga na Jamhuri ya Somalia iliyozaliwa 1960, lakini Machi 1963 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba eneo hilo lingekuwa mkoa wa saba wa Kenya, Kaskazini Mashariki. Mwezi Juni mwaka huo Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo, na chifu Haji Galma Dido waliuawa Modogashe, penye njia panda ya Garissa, Wajir na Isiolo. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba, na kabla ya mwezi huo kwisha hali ya hatari ikatangazwa Kaskazini Mashariki. Serikali iliwaita wapiganaji wa kujitenga shifta, neno lililotoka Ethiopia ambalo maana yake ni jambazi. Vita viliendelea hadi Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Oktoba 1967, yaliyosimamiwa na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, na kwa hesabu ya serikali wapiganaji waliouawa ni zaidi ya 2,000. Wafugaji wasio na silaha waliokufa, na mifugo iliyochukuliwa au kuuawa, hawamo katika hesabu hiyo.

Mzee aliyepigana Ethiopia chini ya bendera ya Uingereza aliamka sasa akiwa mshukiwa. Serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji vilivyozungushiwa ua na ulinzi, vilivyoitwa manyatta, ili wapiganaji wasipate chakula wala habari, na mifugo iliyozuiliwa kwenda malishoni ikafa. Katika baadhi ya kaya hizo baba alikuwa na mwana aliyeingia msituni, mwana mwingine katika polisi, na mpwa katika jeshi la Kenya, au alikuwa na ndugu waliogawanyika hivyohivyo. Hakuna sababu ya kuamini kwamba alimpenda mmoja kuliko mwingine. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha Sheria ya Kinga, iliyozuia mashtaka dhidi ya maofisa wa serikali na askari kwa vitendo vilivyofanywa katika mkoa huo na wilaya jirani kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Athari yake juu ya kumbukumbu ilikuwa kubwa, kwani jambo lisiloweza kupelekwa mahakamani halipati jalada wala hukumu ambayo mtafiti angeikuta baadaye, na likabaki kusimuliwa usiku ndani ya ua wa nyumba, baba akimwambia mwanawe kwa sauti ya chini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Garissa ilipata makao ya watoto yatima Waislamu, yaliyoanzishwa na Young Muslim Association, na makao hayo yanaonyesha waziwazi kwamba palikuwa na kizazi kilichobaki bila baba.

Hata hivyo wana wa Garissa waliendelea kuingia jeshini, na anayejulikana zaidi ni Jenerali Mahmoud Mohamed. Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982 askari wa Jeshi la Anga walijaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi na kuiteka Sauti ya Kenya, ambako mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alilazimishwa kusoma tangazo la mapinduzi. Mahmoud Mohamed, aliyekuwa naibu kamanda wa jeshi la nchi kavu, ndiye aliyewaongoza askari watiifu kukikomboa kituo hicho. Alipewa kuliongoza na kulijenga upya Jeshi la Anga, kisha mwaka 1986 akawa Mkuu wa Majeshi yote akimrithi Jackson Mulinge, na akakaa katika cheo hicho hadi 1996 alipomwachia Daudi Tonje. Ndugu yake, Hussein Maalim Mohamed, aliingia baraza la mawaziri mwaka 1983.

Miaka hiyohiyo ilikuwa michungu kwa mji wa Garissa. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini, askari waliuchoma mtaa wa Bulla Kartasi na kuwakusanya wakazi katika uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa; Februari 1984 yakafuata mauaji ya kiwanja cha ndege cha Wagalla, Wajir. Mwishoni mwa 1989, wakati Mkuu wa Majeshi mwenyewe alikuwa Msomali wa Garissa, serikali iliamuru kila Mkenya wa asili ya Kisomali aliyetimiza miaka 18 ahojiwe kuhusu uraia wake, na aliyekubaliwa akapewa kadi ya rangi ya waridi ya kubeba pamoja na kitambulisho. Mzee aliyekuwa na hati ya kuachishwa kazi ya KAR alipaswa kupanga foleni na kutaja ukoo wake mbele ya jopo. Hali ya hatari ya 1963 ilifutwa Novemba 1991 tu, na mtoto aliyezaliwa siku ilipotangazwa alikuwa mtu mzima wa miaka karibu 28.

Aprili 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilianza vikao vyake vya hadhara Garissa, na wazee waliokaa kimya kwa miongo mitatu wakazungumza mbele ya watu. Ripoti yake ilikabidhiwa Mei 2013, na Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa niaba ya serikali na kuahidi mfuko wa shilingi bilioni 10. Kati ya ushahidi huo na ripoti, barabara ya mwaka 1941 ilifunguliwa tena: Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yalivuka mpaka karibu na Liboi kwenda kupigana na Al-Shabaab, yakielekea Afmadow, na safari hii yalikwama katika tope kwa sababu yaliondoka wakati wa deyr, mvua za vuli, kosa ambalo Cunningham alilikwepa. Kismayu iliingiwa tarehe 28 Septemba 2012. Mzee wa Garissa aliyesimulia njia hiyo kwa wajukuu wake alikuwa na ujuzi ambao makao makuu yalipaswa kuuulizia.

Uzee wa baba huyo ulikuwa wa msikitini, wa kivuli cha mti na wa kusuluhisha. Wajukuu walimpa mkono na kukaa chini mbele yake, naye akawafundisha abtirsi, yaani nasaba ambayo mtoto Msomali huikariri kwa kutaja jina lake, la baba yake, la babu yake, na kuendelea juu vizazi kumi, ishirini au zaidi. Jina la mtu kwa desturi hiyo ni nasaba iliyofupishwa, kwa kuwa la pili ni la baba na la tatu ni la babu, na mtoto wa askari analitaja jina la baba yake kila anapojiandikisha shuleni, kliniki, jeshini au katika pasipoti. Cheo chake hakimo katika nasaba hiyo, wala vita alivyopigana. Waliotaka kuvijua walilazimika kumwuliza akiwa hai.

Alipofariki alioshwa, akavishwa sanda, akaswaliwa na kuzikwa siku ileile kama ilivyo kawaida ya Waislamu, na watu wakaja kutoa tacsi, yaani rambirambi, huku Kurani ikisomwa na mifugo ikichinjwa kuwalisha wageni. Mapigano yake yalitajwa kwa uchache kuliko watu aliowalea, ngamia aliowatoa ili deni la damu lilipwe na mayatima wa ndugu zake aliowaoza. Kilichofuata ni mirathi, ambayo kwa Waislamu wa Kenya huweza kuamuliwa na Mahakama ya Kadhi chini ya kifungu cha 170 cha Katiba: mjane au wajane hupata moja ya nane pale penye watoto, na kinachobaki baada ya warithi wengine wenye mafungu maalumu hugawiwa watoto, mwana akipata mara mbili ya binti. Ili kugawa hivyo ni lazima kila mrithi atajwe, na jalada la mirathi hiyo mara nyingi ndilo andiko la serikali ambamo askari huyo anaonekana akiwa amezungukwa na wake zake, wanawe na binti zake wote, kwa majina yao.